Pokryshkin: rubani aliyeshinda kwa daftari

Ndege ya kwanza ambayo Aleksandr Pokryshkin aliitungua vitani ilikuwa ya jeshi lake mwenyewe. Ilikuwa tarehe 22 Juni 1941, siku Ujerumani ilipouvamia Muungano wa Kisovieti. Pokryshkin, wakati huo luteni mwandamizi na naibu kamanda wa skwadroni katika Rejimenti ya 55 ya ndege za kivita huko Moldova, aliona angani kundi la ndege za mabomu zenye umbo asilolijua. Akaishukia mojawapo, akaipiga risasi, na alipoipita kwa karibu ndipo akaziona nyota nyekundu chini ya mabawa. Zilikuwa Su-2, ndege mpya ambazo jeshi lilizifanya siri kubwa kiasi kwamba marubani wake wenyewe wa kivita hawakuwahi kuonyeshwa sura yake. Wenzake walikuwa wanajipanga kuzimaliza zilizobaki. Pokryshkin akaanza kuwakatizia mbele, huku akitikisa mabawa, mpaka wakaelewa. Katika kundi hilo la Su-2 alikuwamo Ivan Pstygo, kijana ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Marshali wa Anga.

Naanza na kisa hiki kwa sababu wanaomsifu Pokryshkin huwa wanakipita haraka, na wanaomponda hukishikilia kama vile hakuna kingine. Mimi naona ndani yake vita yake yote. Kulikuwa na jeshi lililoficha mambo kuliko lilivyofundisha. Kulikuwa na kosa ambalo gharama yake ililipwa na watu wa chini. Na kulikuwa na mtu ambaye baada ya kukosea hakukimbilia kujitetea, aliingia katikati kuzuia kosa lisiendelee. Kwa miaka minne iliyofuata aliendelea kufanya hivyohivyo. Alitazama kinachowaua marubani wenzake, akakiandika, akakichora, kisha akajiweka katikati kukizuia, hata pale ambapo kinachoua kilikuwa ni amri iliyosainiwa na mkubwa.

Alizaliwa mwaka 1913 Novonikolayevsk, mji wa Siberia ambao leo unaitwa Novosibirsk, katika familia ya mfanyakazi wa kawaida. Tangu utotoni alitaka kuruka. Jeshi likampeleka Perm kusomea ufundi wa ndege, na mwaka 1933 akatoka huko akiwa fundi, si rubani. Akapangiwa Krasnodar. Akaandika maombi ya kuhamishiwa urubani, yakakataliwa. Akaandika tena, yakakataliwa tena. Jeshi lilihitaji mafundi, na fundi mzuri haachiwi aende. Mwaka 1938 akachukua likizo yake, akaenda klabu ya urubani ya kiraia palepale Krasnodar, na kwa siku 17 akamaliza mafunzo ambayo wengine walihitaji karibu mwaka mzima. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kumkatalia. Akapelekwa shule ya urubani ya Kacha, akahitimu mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 26.

Ile miaka ya ufundi haikupotea. Rubani wa kawaida aliijua ndege kwa kuizoea. Pokryshkin aliijua kwa kuifungua. Alijua skrubu ipi inabeba nini, kwa nini injini inachemka, risasi zinapita wapi kutoka kwenye sanduku hadi kwenye mtutu. Zaidi ya hapo alikuwa na tabia ya fundi: kitu kikiharibika, hakubali jibu la kwamba ni bahati mbaya. Anatafuta sababu.

Na mwaka 1941 sababu za kutafuta zilikuwa tele. Siku ya kwanza pekee, kwa hesabu rasmi za Wasovieti wenyewe, takriban ndege 1,200 ziliteketea, nyingi zikiwa bado zimeegeshwa viwanjani. Waliobaki na ndege walikuwa na shida nyingine. Marubani wengi walikuwa na saa chache mno za kuruka. Ndege nyingi hazikuwa na redio za maana, hivyo kiongozi wa kundi aliwasiliana na wenzake kwa kutikisa mabawa kama alivyofanya Pokryshkin siku ile. Rejimenti yake ilitumia MiG-3. Jina la MiG si geni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Wazee wa Kagera wanazikumbuka MiG za Idi Amin zilizowamwagia mabomu mwaka 1978, na ukoo ni huohuo wa wasanifu Mikoyan na Gurevich. Lakini MiG-3 ilisanifiwa kupigana juu sana, kwenye hewa nyepesi, ilhali vita ya upande wa mashariki ilikuwa chini, juu ya vifaru na mahandaki. Huko chini ilikuwa nzito kugeuka, na silaha zake, rashasha tatu, zilikuwa hafifu.

Kulikuwa pia na mpangilio wa kuruka. Kitabu cha kanuni kilitaka ndege tatutatu zilizokaribiana. Ukiruka watatu, ukigeuka ghafla upande mmoja, yule wa ndani anakuwa karibu kukugonga na yule wa nje anaachwa nyuma. Nusu ya akili ya rubani inaishia kwenye kuchunga asigongane na mwenzake. Wajerumani walikuwa wameshalijifunza hilo Hispania miaka ya 1930, wakahamia kwenye jozi: mmoja anashambulia, wa pili anamlinda mgongo; jozi mbili zinafanya wanne, kwa nafasi pana. Pokryshkin aliliona mapema, kama walivyoliona marubani wengi waliokuwa wanakufa. Tofauti yake ni kwamba aliandika. Kila baada ya pambano alichora nani alikuwa wapi, jua lilikuwa upande gani, nani alianza juu na nani chini, kisha akajiuliza kwa nini lilikwisha vile.

Mwenyewe alionja yote. Mwanzoni mwa Julai 1941 alitunguliwa karibu na mto Prut, akarudi kwa wenzake kwa miguu kupitia maeneo ya adui. Mwezi Oktoba, jeshi la Wajerumani lilipowazingira kusini mwa Ukraine, alikuwa anajaribu kuiokoa MiG iliyoharibika kwa kuivuta nyuma ya lori, mpaka njia zilipofungwa akalazimika kuichoma kwa mikono yake na kutoka kwenye mzingiro pamoja na askari wengine. Fikiria fundi anayechoma ndege. Novemba mwaka huohuo, mawingu yakiwa yamelala karibu na ardhi, alitumwa kutafuta vifaru vya Jenerali von Kleist karibu na Rostov, akavipata, na kwa kazi hiyo akapewa Nishani ya Lenin. Nishani yake hiyo kubwa ya kwanza haikuhusu kutungua ndege hata kidogo. Ilihusu kutazama vizuri na kurudi na habari.

Mwaka 1942 alipata nafasi ambayo kwa tabia yake ilikuwa zawadi: kurusha Messerschmitt, ndege za kivita za Wajerumani, zilizotekwa. Akaijua ndege ya adui kwa ndani. Akajua inapanda vipi, inachelewa wapi, rubani wake haoni upande upi. Wengine wangeogopa tu kupigwa risasi na watu wao wakiwa ndani ya ndege yenye alama za maadui. Hatari hiyo ilikuwepo kweli, na yeye aliielewa kuliko yeyote.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kinanichoma. Machi 1942 rejimenti yake ilipandishwa hadhi ikawa Rejimenti ya 16 ya Gadi, jina la heshima la vikosi vilivyopigana vizuri. Baadaye mwaka huo ilirudishwa nyuma, pwani ya Bahari ya Kaspi, kupumzika na kusubiri ndege mpya. Kamanda alikuwa Nikolai Isaev, mtu aliyetaka kanuni zifuatwe zilivyoandikwa. Pokryshkin alikuwa amekwisha kusema wazi, mbele ya wengine, kwamba kanuni hizo zinaua. Kisha ukatokea ugomvi kwenye kantini na maofisa waliokuwa wamelewa, na hiyo ikatosha kuwa sababu. Akavuliwa uongozi wa skwadroni. Akaondolewa kwenye orodha ya rejimenti. Akafukuzwa Chama cha Kikomunisti. Pendekezo la kumpa cheo cha Shujaa wa Muungano wa Kisovieti likarudishwa, na jalada lake likapelekwa mahakama ya kijeshi. Yote hayo yalimpata rubani aliyekuwa ameruka mamia ya mara, katika mwaka ambao Wajerumani walikuwa wanaelekea Stalingrad na visima vya mafuta vya Kaukazi, na nchi ilikuwa inawahitaji marubani kuliko mkate.

Mahakama ya kijeshi ya wakati ule haikuwa mahali pa mchezo. Watu walipigwa risasi, wengine walipelekwa vikosi vya adhabu. Aliyemwokoa alikuwa kamisaa, yaani ofisa wa kisiasa, wa rejimenti, Mikhail Pogrebnoi, ambaye alirudi kutoka hospitali, akakuta kilichofanyika, akaandika ukweli kuhusu mtu huyu na kuusukuma hadi kwa wakubwa wa juu. Kesi ikafutwa. Tukubali tu: kama Pogrebnoi angeongezewa majuma machache kitandani, historia ya anga ya vita ile ingekuwa na jina moja pungufu, na huenda tusingejua kwamba limepungua. Ni wangapi ambao kamisaa wao hakurudi kwa wakati? Swali hilo halijibiwi na jumba lolote la makumbusho ya ushindi. Serikali ya Stalin ilimtukuza sana Pokryshkin baadaye, na wapenzi wake leo huchukulia kwamba ilimlea. Mimi nasema alipenya kwenye vidole vyake.

Mapema mwaka 1943 wakapewa ndege mpya, na zilikuwa za Kimarekani: Bell P-39 Airacobra. Zilikuja kwa msaada wa vita wa Marekani, sehemu yake kwa meli hadi Ghuba ya Uajemi, zikaunganishwa Iran na kurushwa kwenda Azerbaijan. Jumla zilizofika kwa Wasovieti ni karibu nusu ya Airacobra zote zilizotengenezwa. Waingereza walikuwa wamezijaribu na kuzikataa, kwa sababu zilipungukiwa nguvu zikipanda juu. Lakini, kama nilivyosema, vita ya mashariki haikuwa juu. Chini ya mita 5,000 Kobra, kama walivyoiita, ilikuwa mnyama mwingine. Injini ilikaa nyuma ya rubani, na mhimili wa kuzungusha rafadha ulipita katikati ya miguu yake. Mlango ulikuwa wa pembeni, kama wa gari. Puani kulikuwa na mzinga wa milimita 37, ambao risasi yake moja ikilenga vizuri ndege ya mabomu inavunjika. Na kila ndege ilikuwa na redio ya kusikia na ya kusema. Usiidharau hiyo ya mwisho. Nadhani ilikuwa na thamani kuliko mzinga.

Ndege hiyo pia ilikuwa na ubaya wake. Uzito wa injini nyuma uliifanya iweze kuanza kuzunguka kama pia bila kutii usukani, na rubani aliyeruka na mwavuli aliweza kugongwa na mkia. Haikumwonea huruma mzembe.

Hapa fundi wa Perm akarudi kazini. Wamarekani walitenganisha vitufe vya kufyatulia: mzinga wake, rashasha zake. Pokryshkin aliona kwamba kwenye pambano, ambapo adui anakaa mbele ya pua kwa muda wa kupepesa jicho, kuchagua kitufe ni anasa. Akawaambia mafundi waunganishe mzinga na rashasha kwenye kitufe kimoja. Ukibonyeza, vyote vinatema kwa pamoja, kwa sekunde moja au mbili, kutoka karibu. Marubani wengine wakaiga. Ni marekebisho madogo ya nyaya, lakini nyuma yake kuna nadharia nzima: kwamba nafasi ni moja na fupi, na kila kitu lazima kiandaliwe kabla yake.

Nadharia hiyo ilipata uwanja wake Kuban, kusini mwa Urusi, kati ya Aprili na Juni 1943. Wajerumani waliobaki huko walikuwa wamejichimbia nyuma ya ngome waliyoiita Mstari wa Bluu, na walitaka kukifuta kipande kidogo cha ardhi ambacho Wasovieti walikuwa wamekishika huko Myskhako, pembeni ya Novorossiysk. Kwa majuma kadhaa, juu ya Myskhako na kisha juu ya kijiji cha Krymskaya, anga ilijaa ndege kuanzia alfajiri hadi jioni.

Amri za kawaida za kulinda askari wa ardhini zilikuwa hivi: kaeni juu ya vichwa vyao, mwonekane, mzunguke polepole ili mafuta yadumu. Majenerali wa ardhini walipenda hivyo kwa sababu askari akitazama juu na kuona nyota nyekundu anapata moyo. Tatizo ni kwamba ndege inayozunguka polepole kwa kimo kimoja ni windo. Messerschmitt inakuja kutoka juu, kwa kasi, inaua, inapanda tena kabla hujageuka. Pokryshkin alikataa kuruka hivyo. Kundi lake lilikwenda na kurudi kwa mteremko na mpando: wanashuka wakipita juu ya eneo la vita kwa kasi kubwa, wanapanda wanapogeukia mwisho, wanashuka tena. Askari wa chini hakuwaona muda wote, lakini adui akitokea anakuta ndege zenye kasi tayari.

Kisha akazipanga kwa ngazi. Jozi moja chini, nyingine juu yake kwa mamia ya mita na pembeni kidogo, nyingine juu zaidi. Marubani waliita mpangilio huo rafu ya Kuban. Wa chini wanashughulika na ndege za mabomu. Messerschmitt ikishuka kuwashambulia, jozi ya juu yake inaishukia. Kiongozi mwenyewe mara nyingi alikaa juu, na aliposhuka alishuka kama kipanga, kutoka upande wa jua, moja kwa moja kwa kiongozi wa kundi la adui. Ukimpiga kiongozi, waliobaki wanamwaga mabomu popote na kugeuza. Kwa askari aliyekuwa kwenye handaki Myskhako, hilo la kugeuza ndilo lilikuwa muhimu, hata kama hakuna ndege nyingine iliyoanguka.

Kanuni yake ikafupishwa kwa maneno manne ambayo baadaye kila rubani kijana wa Kisovieti aliyakariri: kimo, kasi, ujanja, moto. Mpangilio wa maneno ndio wenye akili. Kimo ndicho kinachogeuzwa kuwa kasi. Kasi inakupa nafasi ya ujanja, yaani kugeuka unavyotaka. Kugeuka kunakuweka mahali pa kupiga. Risasi ni hatua ya mwisho. Vijana wengi walikuwa wanaanzia mwisho. Wanamwona adui wanaanza kufyatua, wakiwa chini, polepole, na bila mtu wa kuwalinda nyuma.

Alifundisha pia. Handaki la skwadroni lilikuwa darasa, kuta zimebandikwa michoro yake. Rubani mpya hakuingizwa vitani papo hapo. Alikalishwa chini, akaelezwa, akarushwa mazoezi, akaonyeshwa eneo, kisha akapewa mtu wa kumfuata. Katika jeshi ambalo mara kwa mara lilituma vijana wa saa chache za kuruka moja kwa moja kwenye moto, hiyo ilikuwa karibu uasi. Wakati huohuo alipoteza watu ambao darasa halikuweza kuwaokoa. Vadim Fadeev, jitu lenye ndevu ambaye rejimenti nzima ilimpenda, alikufa tarehe 5 Mei 1943, katikati ya vita ya Kuban.

Ushujaa wa kwanza, Shujaa wa Muungano wa Kisovieti, alipewa tarehe 24 Mei 1943. Wa pili, tarehe 24 Agosti mwaka huohuo. Mwaka mmoja kabla yake jalada lake lilikuwa mezani kwa mahakama ya kijeshi. Wa tatu ulikuja tarehe 19 Agosti 1944, akawa mtu wa kwanza kupewa mara tatu, na wa pekee mpaka Ujerumani iliposalimu amri. Marshali Zhukov na rubani Ivan Kozhedub walifika hapo mwaka 1945, baada ya Berlin kuanguka.

Na sasa suala la idadi, maana najua ndilo watu wanalolisubiri. Hesabu rasmi ilimpa ndege 59 alizotungua mwenyewe. Watafiti waliopekua nyaraka za rejimenti baada ya Muungano kuvunjika wamepata pungufu, kati ya arobaini na hamsini. Ivan Kozhedub alipewa 62. Erich Hartmann wa Ujerumani alipewa 352. Kutokana na tarakimu hizo yamezuka mabishano yasiyoisha, Warusi wakiwaita Wajerumani waongo, na wapenzi wa Wajerumani wakiwacheka Wasovieti.

Mabishano hayo nayaona hayana faida. Kila jeshi katika vita ile lilihesabu zaidi ya ndege zilizoanguka kweli, kwa sababu rubani anayepigania roho yake akiona moshi nyuma ya adui haongozani nao hadi chini. Wakati huohuo kuna zilizoanguka bila kuhesabiwa: kwa Wasovieti ulihitajika uthibitisho, na kilichoanguka ng'ambo ya mstari mara nyingi kilikosa shahidi. Pokryshkin mwenyewe aliamini kwamba ushindi wake wa mwaka 1941 ulipotea pamoja na karatasi zilizochomwa wakati wa kukimbia. Zaidi ya hayo, kazi hazikufanana. Rubani wa Kijerumani mwenye uzoefu mara nyingi aliachiwa awinde huru, na alirushwa mwaka hadi mwaka mpaka afe au vita viishe. Wa Kisovieti alitumia muda mwingi kusindikiza ndege za mabomu na kukaa juu ya askari. Msindikizaji aliyerudisha ndege zote za mabomu salama bila kutungua hata moja amefanya kazi yake kikamilifu, na hesabu yake ni sufuri.

Jeshi lenyewe lilichangia ugonjwa huu wa namba. Amri ya Stalin ya Agosti 1941 iliweka rubo 1,000 kwa kila ndege ya adui iliyotunguliwa, na ndege 10 zilikuwa tiketi ya ushujaa. Nia ilikuwa kuhamasisha. Matokeo yake, baadhi ya marubani wazuri waliacha kundi kufuata windo lao. Pokryshkin alilichukia jambo hilo waziwazi, na liliharibu uhusiano wake na Grigory Rechkalov, rubani hodari mno wa rejimenti ileile, Shujaa mara mbili. Wote wawili wana watetezi mpaka leo. Kwangu mimi, hoja ya Pokryshkin ina uzito: kiongozi anayeacha watu wake ili aongeze nyota ubavuni mwa ndege yake, nyota hiyo imelipiwa na mwingine.

Ipo hadithi maarufu kwamba redio za Wajerumani zilikuwa zikipaza onyo, Pokryshkin yuko angani. Imesimuliwa mno kiasi kwamba imekuwa kama sehemu ya jina lake. Propaganda iliipenda. Siitegemei, na wala haihitajiki.

Mwanzoni mwa 1944 Moscow ilimpa kazi ya kusimamia mafunzo ya marubani wa kivita, cheo cha juu na maisha salama. Akakataa, akarudi mstari wa mbele. Akapewa rejimenti ileile iliyotaka kumtupa, na Mei 1944 divisheni nzima, ya 9 ya Gadi. Wapo wanaosema alikosea, kwamba ofisini Moscow angeweza kubadilisha mafunzo ya jeshi zima. Nimelifikiria hilo. Lakini ukikumbuka jinsi ofisi zile zilivyokuwa zikifanya kazi, na alivyokuwa hawezi kunyamaza, nadhani angedumu miezi.

Kisa cha Aleksandr Klubov kinaonyesha alikuwa kamanda wa namna gani. Klubov alikuwa mwanafunzi wake mkuu, rubani aliyemthamini kuliko wote. Msimu wa mapukutiko wa 1944 divisheni ilianza kujaribu La-7, ndege mpya ya Kisovieti, ya kasi, fahari ya viwanda vya nchi. Tarehe 1 Novemba, huko Poland, Klubov alikufa akitua na La-7 mazoezini. Aliyepita katikati ya risasi za Kuban alikufa kwenye uwanja wa nyumbani kwa sababu ya hitilafu ya mashine. Shinikizo la kuhamia ndege za nyumbani lilikuwa kubwa, na lilikuwa la kisiasa: inawezekanaje Shujaa maarufu kuliko wote aruke kwenye ndege ya Wamarekani? Pokryshkin akakataa. Divisheni yake ikamaliza vita na Kobra. Katika nchi ile, mwaka ule, kusema kwamba chuma cha kigeni kinafaa watu wangu kuliko cha kwetu kulihitaji moyo zaidi ya kushuka katikati ya Messerschmitt kumi.

Mapema 1945, ardhi ya Ujerumani ilipoyeyuka ikawa tope na viwanja vya nyasi vikawa havitumiki, alitazama barabara kuu ya magari, akapima upana wake dhidi ya mabawa ya Kobra, akatua juu yake yeye mwenyewe wa kwanza. Nafasi pembeni zilikuwa finyu mno. Alipoona inawezekana, divisheni ikafuata, na kwa majuma kadhaa ndege zake ziliruka kutoka kwenye lami wakati nyingine zimekwama matopeni.

Tarehe 24 Juni 1945, kwenye gwaride la ushindi uwanja Mwekundu, alibeba bendera ya Kundi la Majeshi la Kwanza la Ukraine. Akaenda kusoma Chuo cha Kijeshi cha Frunze, akahitimu mwaka 1948. Kisha, kwa miaka, hakupanda. Mtu wa kwanza kuwa Shujaa mara tatu alibaki kanali mpaka Stalin alipokufa. Ujenerali aliupata Agosti 1953, miezi mitano baada ya mazishi. Umarshali wa Anga ulikuja mwaka 1972, akiwa na karibu miaka 60, pamoja na uenyekiti wa DOSAAF, shirika lililosimamia klabu za kiraia za urubani nchi nzima, za aina ileile ambako kijana fundi aliyekataliwa na jeshi alikwenda kwa likizo yake kujifunza kuruka. Alifariki Moscow mwezi Novemba 1985.